Kusawazisha Si Kuhifadhi: Jinsi ya Kuweka Akiba ya Sanduku la Gmail kwa Thunderbird

Tarehe 27 Februari 2011, baadhi ya watumiaji wa Gmail walifungua masanduku yao wakayakuta matupu. Google ilieleza kwamba walioathirika walikuwa kama asilimia 0.02 ya watumiaji wote, na kwamba chanzo kilikuwa hitilafu iliyoingia pamoja na toleo jipya la programu ya kuhifadhia data. Kampuni hiyo ilikuwa na nakala za barua hizo katika vituo vyake zaidi ya kimoja, lakini hitilafu ilizifikia nakala hizo pia. Waliokolewa na kanda za sumaku zilizowekwa nje ya mtandao, mahali ambapo hitilafu haikuweza kuzigusa. Kanda husomwa polepole, hivyo kazi ya kurejesha ilichukua muda, lakini barua zilirudi.

Tukio hilo linatupa kanuni inayobeba uchambuzi huu wote: nakala inayofuata kila badiliko la asili yake itafuata pia uharibifu wake. Nakala ya kutegemewa ni ile iliyokatwa uhusiano na akaunti, kisha ikakaguliwa. Watu wengi wanaofungua barua zao za Gmail kwa programu ya kompyuta huamini wamekwisha kuwa na akiba, kwa sababu wanaziona barua hata wakiwa hawana intaneti. Imani hiyo ni hatari, na tutaona ni kwa nini.

Haja yenyewe si ndogo. Nchini Tanzania na Kenya, vikundi vingi, shule binafsi, maduka na mashirika madogo hutumia anwani ya bure ya Gmail kama anwani rasmi. Ndani yake mna mikataba, ankara, barua za wafadhili na kumbukumbu za vikao. Nafasi ya bure ni GB 15, nayo huliwa pamoja na picha na mafaili mengine ya akaunti hiyohiyo. Tangu Desemba 2023, Google imeweza kufuta akaunti binafsi ambayo haijatumika kwa miaka 2. Katibu akifariki au akihama bila kukabidhi nywila, kumbukumbu za kikundi kizima zinabaki zikingoja kufutwa.

POP au IMAP?

Programu niliyoitumia ni Thunderbird. Ni ya bure, hutumika kwenye Windows, Linux na macOS, na toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004 chini ya Mozilla. Sababu kubwa ya kuichagua ni namna inavyoweka barua: folda moja huwa faili moja la maandishi katika muundo unaoitwa mbox, ambao husomwa na programu nyingine nyingi. Akiba inayosomwa na programu moja tu hufa siku programu hiyo inapokufa.

Kuna njia mbili za kuvuta barua kutoka kwenye seva. Ya kwanza ni POP, iliyobuniwa mwaka 1984, wakati mtu alikuwa na kompyuta moja na barua zikishuka mara moja tu. POP haijui folda. Mpangilio wote uliojengwa kwa miaka hupotea, na kwa watoa huduma wengi hushusha kikasha pekee, bila barua ulizotuma. Ya pili ni IMAP, ambayo Mark Crispin aliianza katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Hii huziacha barua kwenye seva na kuonyesha folda zote kama zilivyo, huku kompyuta ikibaki na nakala ya kusomea.

Kwa kazi hii IMAP ndiyo njia, kwa sababu inaleta kila kitu pamoja na mpangilio wake. Lakini hapohapo ndipo ulipo mtego. IMAP husawazisha pande mbili. Ukifuta barua kwenye simu, Thunderbird nayo huiondoa. Mdukuzi akiingia na kufagia sanduku, kompyuta yako ikiunganishwa tu itafagiwa vilevile. Kwa hiyo IMAP ni ya kuletea barua. Kuhifadhi ni hatua nyingine.

Kuunganisha akaunti

Kuunganisha ni kazi fupi. Unaandika jina na anwani, na Thunderbird inatambua yenyewe kwamba seva ni imap.gmail.com kupitia mlango 993, ambao mawasiliano yake yamefichwa kwa usimbaji. Miongozo mingi ya zamani inakuagiza kwanza uiwashe IMAP ndani ya mipangilio ya Gmail. Tangu Januari 2025 swichi hiyo imeondolewa, na IMAP iko wazi muda wote.

Nywila nayo haiandikwi tena ndani ya programu. Linafunguka dirisha la Google lenyewe, unaingia humo, unatoa idhini, na Thunderbird inapewa ufunguo wake maalumu unaoweza kuufuta wakati wowote. Mfumo huo unaitwa OAuth2. Microsoft pia iliacha kukubali nywila tupu kwa akaunti binafsi za Outlook mnamo Septemba 2024. Ikiwa una programu ya kale isiyoujua mfumo huu, itakataliwa hata kama nywila ni sahihi.

Lebo za Gmail si folda

Gmail haina folda halisi. Ina lebo, na barua moja inaweza kubeba lebo tatu kwa pamoja. IMAP haielewi jambo hilo, kwa hiyo kila lebo huonekana kama folda na barua ileile hujitokeza katika folda tatu. Ukinakili folda zote moja baada ya nyingine, utapata akiba yenye marudio mengi na ukubwa usio wa kweli.

Dawa yake ni folda iitwayo "All Mail". Humo kila barua iko mara moja tu, iliyopokewa na iliyotumwa, isipokuwa zilizo kwenye pipa la taka na zile zilizotengwa kama barua taka (spam). Kabla ya kuanza, ingia Gmail kwa kivinjari, fungua mipangilio ya lebo, na uhakikishe folda hiyo imeruhusiwa kuonekana kwenye IMAP. Pekua pia pipa la taka, kwani vilivyomo hufutwa baada ya siku 30 na havitaingia kwenye akiba.

Kisha acha ishuke, na usiiharakishe. Google imeweka kikomo cha MB 2,500 kwa siku kwa barua zinazoshushwa kupitia IMAP. Sanduku la GB 10 litahitaji siku nne au tano, hata kama intaneti yako ina kasi ya ajabu. Anayetumia bando apige hesabu hiyo mapema. Ajue pia kwamba kiambatisho ndani ya barua hubadilishwa kuwa maandishi, baiti 3 zikawa herufi 4, hivyo picha ya MB 6 husafiri ikiwa na uzito wa MB 8 na zaidi kidogo.

Hatua inayoleta akiba

Upande wa kushoto wa Thunderbird, chini ya akaunti zako zote, kuna sehemu inayoitwa "Local Folders". Haina uhusiano na seva yoyote. Kilichowekwa humo hakifutwi na simu, wala na Google, wala na mdukuzi wa akaunti. Humo ndimo akiba inamotengenezwa.

Nilifungua humo folda moja kwa kila mwaka: 2015, 2016, 2017 na kuendelea. Nikaenda "All Mail", nikapanga barua kwa tarehe, nikachagua za mwaka mmoja kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, nikabofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua "Copy To", kisha folda ya mwaka huo. Jirani yake kwenye orodha ni "Move To", na tofauti kati ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti kati ya kunakili na kuhamisha. Ukihamisha, barua inaondoka kwenye seva kabla hujajua kama nakala imefika salama. Kitufe cha kuweka kumbukumbu, herufi A kwenye kibodi, nacho huhamisha. Usikiguse mpaka ukaguzi uishe.

Kwa nini kwa miaka na si kwa mada? Kwanza, tarehe haina ubishi. Barua moja inaweza kuwa ya fedha na ya ujenzi kwa pamoja, lakini imeandikwa mwaka mmoja tu. Pili, mwaka uliokwisha hauongezeki, hivyo folda ya 2018 ikikaguliwa leo haitahitaji kukaguliwa upya kila mwezi. Tatu, kwa kuwa kila folda ni faili moja, miaka hugawa mzigo. Flashi nyingi bado zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja la GB 4 na kuendelea. Folda moja kubwa ya GB 9 itakataliwa na flashi ya GB 64 yenye nafasi tele, na mtu atabaki akishangaa.

Mada hazikutupwa. Thunderbird ina folda za utafutaji, ambazo ni kama dirisha: huonyesha kilichomo bila kukibeba. Unaweka sharti, kwa mfano barua zote kutoka anwani za benki, au zote zenye neno "mkataba" kwenye kichwa, unachagua zitafutwe katika miaka yote, nayo inakusanya majibu mahali pamoja. Barua yenyewe haihami mahali pake. Ukifuta folda ya utafutaji, hakuna barua inayopotea. Hapo unapata mpangilio wa miaka kwa ajili ya kuhifadhi, na wa mada kwa ajili ya kutafuta, bila nakala mbili za barua moja.

Ukaguzi

Akiba isiyokaguliwa ni matumaini tu. Linganisha kwanza idadi: barua za kila mwaka kwenye "All Mail" zilingane na zilizo kwenye folda ya mwaka huo. Ukitaka kulinganisha na Gmail kwenye kivinjari, zima kwanza mtindo wa mazungumzo. Gmail ikiwa na mtindo huo, majibizano ya barua kumi hukaa kwenye mstari mmoja na kuhesabiwa kuwa kitu kimoja, na hesabu mbili haziwezi kukutana.

Halafu zima intaneti kabisa. Fungua barua kadhaa za kila mwaka, hasa zenye viambatisho, na ufungue viambatisho vyenyewe. Kinachofunguka bila mtandao kimo kweli ndani ya kompyuta. Kisichofunguka kilikuwa kichwa tu, mwili wake ungali kwenye seva.

Jaribio la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote: kurejesha. Funga Thunderbird, nakili faili la mwaka mmoja, lisilo na kiambishi chochote mwishoni mwa jina, ulipeleke kwenye kompyuta nyingine ndani ya kabrasha la "Local Folders" la Thunderbird iliyoko huko. Programu ikifunguliwa, itajenga yenyewe faili jipya la faharasa lenye kiambishi .msf na kuonyesha barua zote. Likifanikiwa hilo, una akiba.

Kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye diski

Kompyuta huibwa, huungua, huharibiwa na umeme. Kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh, inataka nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa nje ya jengo. Sanduku la Gmail ni ya kwanza, kompyuta ni ya pili, diski ya nje inayokaa kwa ndugu au ofisi nyingine ni ya tatu. Nakili programu ikiwa imefungwa, kwa sababu faili linaloandikwa huku likinakiliwa linaweza kufika nusu.

Nakili kabrasha la barua peke yake, si wasifu wote wa Thunderbird. Ndani ya wasifu mna pia nywila na funguo za akaunti zilizohifadhiwa. Na kumbuka kwamba mbox ni maandishi matupu: anayeokota diski anasoma kila kitu bila nywila yoyote. Ifunge kwa usimbaji, iwe kwa BitLocker, kwa LUKS kwenye Linux, au kwa VeraCrypt ambayo ni ya bure. Barua za kikundi zina taarifa za watu wengine, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinamtaka anayezishika azilinde.

Faida ya mwisho ni ya kisheria. Barua iliyohifadhiwa hivi hubaki na vichwa vyake vyote: seva ilizopitia, saa, na namba yake ya utambulisho. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa kielektroniki, itazame namna ulivyohifadhiwa na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa. Picha ya skrini haina vichwa hivyo.

Hukumu yangu ni hii: Thunderbird inatosha kwa mtu binafsi na kwa kikundi kidogo, bila kulipa chochote, ilimradi barua zinakiliwe nje ya IMAP, zikaguliwe bila mtandao na zipelekwe kwenye diski iliyofungwa. Kama wewe ni katibu, mhasibu au mwalimu mkuu mwenye nywila ya anwani ya taasisi, anza na mwaka mmoja, ule wenye mikataba mikubwa zaidi. Maliza huo, ukague, kisha mfundishe mwenzako mmoja namna ya kuurejesha.