Tangazo Moja, Misimbo Miwili

Mwisho wa mwezi ukifika, kituo cha televisheni hutuma ankara, na wakala wa matangazo hufungua oda zake kuona kama alichoagiza ndicho kilichorushwa. Tuchukue mfano: tangazo la sabuni, ambalo mfumo wa wakala unaliita SBN-0412-30 na mfumo wa kituo unaliita SABUNI412B. Kompyuta haina namna ya kujua kuwa hilo ni tangazo moja. Ankara inakaa mezani, mhasibu anasubiri, na maofisa wawili wanapigiana simu wakisomeana orodha mstari kwa mstari.

Kazi hii huwa ndefu kwa sababu matatizo mawili hushughulikiwa kana kwamba ni moja. Kuna tofauti za maandishi, na hizo husafishwa kwa kanuni. Kuna pia tofauti za maana, ambazo usafi wa data hauzigusi kabisa. Anayedhani zote ni za aina ya kwanza anaweza kumaliza kazi mapema, akalipia kitu ambacho hakikurushwa.

Kusafisha maandishi

Data za pande zote mbili zichukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye mifumo, kabla hazijafunguliwa kwenye Excel. Programu hiyo hupenda kusaidia bila kuombwa. Msimbo 00412 hugeuka 412. MAR30, yaani mteja mwenye kifupi MAR na tangazo la sekunde 30, hugeuka tarehe 30 Machi. 12E05 husomwa kama 1,200,000. Namba ya tarakimu zaidi ya 15 hupoteza mkia wake na kujazwa sifuri. Kero hii si ya matangazo peke yake: mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha majina kama MARCH1 na SEPT1, kwa kuwa Excel ilikuwa ikiyageuza tarehe kwenye kazi za watafiti.

Dawa ni kuitaja safu ya misimbo kuwa ni maandishi tangu faili linapoingizwa. Baada ya hapo tengeneza safu ya pili ya kulinganishia: ondoa nafasi tupu, vistari na mikwaju, na weka herufi zote kubwa. Safu ya asili isiguswe, maana ndiyo ushahidi siku mkibishana. Herufi O na sifuri zisibadilishwe kwa mkupuo. Zibadilishwe pale tu ambapo muundo wa msimbo unadai tarakimu.

Kuna kishawishi cha kutumia programu za kukadiria mfanano, zinazohesabu ni herufi ngapi zinatofautisha maneno mawili. Kwa majina ya wateja zinafaa, kwa kuwa herufi moja ikizidi au kupungua mara nyingi ni kosa la uandishi. Kwa misimbo ni hatari. SBN0412 na SBN0413 zimeachana kwa tarakimu moja tu, na ni matangazo mawili.

Kila mfumo unahesabu nini?

Mfumo wa wakala huhesabu manunuzi: mteja, kampeni, idadi ya nafasi, bei. Mfumo wa kituo huhesabu mirusho, na kila mrusho una nakala yake ya tangazo. Ndiyo maana msimbo mmoja wa wakala unaweza kukutana na mitatu ya kituo: sekunde 30 kwa Kiswahili, sekunde 30 kwa Kiingereza, na toleo fupi la sekunde 15. Kinyume chake pia hutokea: wakala anafungua kampeni mpya kila robo mwaka, kituo kinaendelea na msimbo ule ule kwa sababu mkanda haujabadilika.

Turudi kwenye sabuni. Oda inasema nafasi 20 za sekunde 30. Orodha ya kituo inaonyesha mirusho 18 ya 412B na 2 ya 412C. Anayetaka hesabu ifungike ataunganisha 412C na oda ile ile, apate 20, aidhinishe malipo. Lakini anayetazama safu ya urefu ataona kuwa 412C ni ya sekunde 15. Mteja amepewa nafasi mbili fupi, na bila kulitazama hilo atazilipia kwa bei ya ndefu.

Suluhisho ni jedwali la ulinganisho lenye safu hizi: msimbo wa wakala, msimbo wa kituo, urefu, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na jina la aliyeidhinisha. Tarehe zina uzito wake, kwa sababu kituo kinaweza kutumia msimbo upya. Namba iliyokuwa ya sabuni Januari inaweza kuwa ya rangi za nyumba Julai, na jedwali lisilo na tarehe litampelekea mwenye sabuni deni la rangi.

Saa nazo ziangaliwe. Vituo vingi huhesabu siku ya matangazo kuanzia alfajiri, hivyo mrusho wa saa 6:40 usiku unaweza kuandikwa Jumamosi 24:40 upande mmoja na Jumapili 00:40 upande wa pili.

Mabaki

Matokeo yagawanywe mafungu manne: yaliyolingana kwa msimbo, yaliyolingana kwa tarehe, saa na urefu lakini yanasubiri idhini ya mtu, yaliyoagizwa yasirushwe, na yaliyorushwa bila oda. Kwa kila upande, jumla ya mafungu yake lazima iwe sawa na jumla ya mwanzo, kwa idadi na kwa fedha. Ikizidi, huenda jedwali limezalisha mistari: mitatu ya upande mmoja ikikutana na miwili ya upande wa pili chini ya ufunguo mmoja, hutoka sita.

Kwenye chanzo

Nchi zenye masoko makubwa zimelishughulikia tatizo hili la misimbo miwili mapema zaidi. Uingereza kila tangazo la televisheni hupewa namba ya muundo AAA/BBBB123/030: wakala, mteja na bidhaa yake, kisha urefu kwa sekunde. Marekani ilitumia tangu 1970 mfumo wa ISCI, wa herufi 4 na tarakimu 4, ambapo kila kampuni ilijipangia namba zake yenyewe. Mrithi wake, Ad-ID, hutoa misimbo yenye jumla ya herufi na tarakimu 11 au 12 kutoka kwenye rejista moja. Kote huko mifumo ya ndani haikulazimishwa kufanana. Tangazo lenyewe ndilo lililopewa kitambulisho kinachosafiri nalo.

Pasipo na rejista ya pamoja, wakala na kituo wanaweza kukubaliana jambo dogo: kituo kisithibitishe oda bila kurudisha msimbo wake kando ya ule wa wakala, pamoja na urefu wa kila nakala. Mstari wa jedwali uandikwe siku hiyo, kabla ya mrusho wa kwanza, wakati bado hakuna anayedaiwa. Ukiachwa hadi ankara ifike, kila upande utakuwa na sababu ya kifedha ya kuusoma msimbo kwa namna inayoufaa.