Gita la Katikati

Jumapili alasiri, nyama ya mbuzi ikishakatwakatwa juu ya ubao na kachumbari ikishasogezwa, Kitengela hufunguliwa kesi ambayo haijapata hakimu. DJ wa zilizopendwa akiweka wimbo wa Simba Wanyika, meza moja hushangilia. Akifuatisha wa Les Wanyika, meza ya pili hujibu. Halafu maneno huanza. Yupo anayeshikilia kwamba Wanyika halisi ni ile ya wana wa Kinyonga kutoka Tanga, na zote zilizofuata ni matawi tu. Yupo asiyekubali katakata: kwake muziki ulinoga pale wenzao walipofunga virago wakaenda zao. Na yupo wa tatu, mara nyingi ndiye mdogo kwa umri, anayeuliza kwa nini wazee wanagombania bendi za zamani wakati Sauti Sol nao wametawanyika na hakuna aliyewalilia vya kutosha.

Ubishi huo una mahali pake hapo. Kitengela ni mji wa wahamiaji. Sensa ya 2019 ilikuta wakazi zaidi ya 150,000, wengi wakiwa wamefuata kazi za EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, na viwanda vya saruji vya Athi River, au nyumba yenye kodi nafuu kuliko ya Nairobi, ambayo iko umbali wa kilomita 30 hivi. Kila mmoja alikuja na muziki wa kwao: benga, mugithi, ohangla, nyimbo za kanisani. Rumba ya Kiswahili ndiyo inayowakalisha meza moja, kwa kuwa hakuna kabila linaloweza kuidai. Iliundwa kwa kiasi kikubwa na Watanzania, ikarekodiwa Nairobi, na maneno yake kila mtu anayaelewa. Tena barabara inayopita mbele ya hoteli hizo za nyama ndiyo inayoshuka Isinya, Kajiado, Bisil na Namanga, kisha ikavuka mpaka hadi Arusha, mji ambao hadithi hii haiwezi kuuruka.

Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walianzia Tanga, katika Jamhuri Jazz, katikati ya miaka ya 1960. Baadaye walihamia Arusha wakaunda Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakaingia Kenya, ambako Simba Wanyika ilizaliwa. Ilikuwa bendi ya magita yanayotiririka, saksafoni inayoitikia waimbaji, na maneno mepesi kukumbuka. Miaka saba mambo yalikwenda vizuri. Kisha, mwaka 1978, kundi zima la wapigaji waliokuwa nyuma ya ndugu hao likaondoka: Omari Shabani wa gita la ridhimu, Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa drams na Sijali Zuwa. Wakamchukua John Ngereza, Mtanzania mwenzao aliyekuwa akiimba na bendi ya Wakongo nchini Kenya, wakajiita Les Wanyika. Santuri yao ya kwanza iliyovuma ilikuwa Sina Makosa, na mpaka leo wimbo huo ukipigwa harusini, bibi na mjukuu huinuka pamoja.

Mashabiki wakibishana kuhusu mgawanyiko huo, hubishana kuhusu waimbaji. Wa Simba huisifu sauti ya Wilson. Wa Les humtaja Ngereza, ule upole wake wa kulalamika bila kupaza sauti. Wote wana haki, ila wote wanalizunguka jambo lenyewe. Waimbaji wakuu wa Simba Wanyika hawakwenda popote mwaka 1978. Walibaki na jina, nyimbo na wapenzi wao. Kilichohama ni mdundo. Kama bendi mpya ilisikika mpya tangu santuri yake ya kwanza, na ilisikika hivyo kweli, basi sababu itafutwe kwa mtu ambaye jina lake hutajwa mwisho, au halitajwi kabisa: mpiga gita la ridhimu.

Magita katika rumba ya Afrika Mashariki hugawana kazi kwa nidhamu kubwa. Besi hukaa chini, ikizungumza na ngoma. Solo hukaa juu, na ndilo analolikumbuka msikilizaji akiwa njiani kurudi nyumbani. Ridhimu liko katikati, na bahati mbaya yake ni kwamba likipigwa sawasawa halisikiki kama kitu cha peke yake. Mtu husikia tu kwamba wimbo umetulia na kwamba miguu haiwezi kukaa.

Mtazame mpigaji huyo kwenye jukwaa dogo la baa, pembeni, mahali ambapo taa haimfuati. Mkono wa kushoto unashika kodi tatu, pengine nne, na ndizo hizo atakazozizungusha hadi wimbo uishe. Kazi kubwa iko kulia. Ubavu wa kiganja umelazwa juu ya nyuzi, pale zinapofungiwa kwenye mwili wa gita, ukizibana kidogo bila kuzinyamazisha. Noti zinatoka fupi na kavu. Akikaza zaidi, gita linapoteza sauti na kubaki mgoto mtupu. Akilegeza, noti zinarefuka na kuingia katika njia ya solo. Wala kodi haikwaruzwi yote kwa mpigo mmoja. Inachambuliwa noti kwa noti, nyingine zikitua baina ya pigo na pigo, ili besi ikiacha nafasi ridhimu liizibe, na ridhimu likivuta pumzi besi iseme. Afanye hivyo kwa dakika nane bila kuharakisha hata chembe. Hapo ndipo wengi hushindwa. Kijana mwepesi wa vidole anaweza kujifunza kupiga mbio kwa miezi michache, lakini kukaa mahali pamoja, wenzake wakishangiliwa na yeye asishangiliwe, bila kutia madoido ya kujionyesha, huo ni ustadi wa tabia kama ulivyo ustadi wa mkono.

Santuri za zama zile zenyewe zilimtaka mtu wa namna hiyo. Wimbo mmoja ulijaza pande mbili za sahani ndogo ya mizunguko 45. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno: kisa kinaelezwa, kiitikio kinarudi, mpenzi analaumiwa au anabembelezwa. Sahani ikigeuzwa, maneno hupungua na magita yakaanza kuchacharika. Upande huo wa pili ndio uliouza bia na kujaza kumbi, na ndio uliomfichua mpiga ridhimu mzembe. Kwenye upande wa kwanza sauti ya mwimbaji humfichia makosa; kwenye wa pili hana pa kujificha.

Wenyeji wa Kajiado hawakungoja gita ndipo waelewe haya. Katika uimbaji wa Kimaasai yuko olaranyani, kiongozi wa wimbo, anayepandisha sauti na kutunga maneno papo hapo, na liko kundi linalomwitikia kwa kiitikio kinachorudiwa, huku wanaume wakitoa milio mizito ya kooni kwa kupumua kwa mpigo usiobadilika na shingo zikienda mbele na kurudi. Ngoma hazipo. Mdundo wote unatengenezwa na pumzi za watu. Olaranyani hupata sifa, na anastahili, lakini wote waliosimama pale wanajua kwamba kundi likiyumba naye hana pa kukanyagia. Ndiyo maana si ajabu kumwona mzee wa Kimaasai aliyekuja mnadani Bisil kuuza ng'ombe akitikisa shingo, wimbo wa Les Wanyika ukipigwa, sawasawa na ridhimu wala si na ngoma. Anachokisikia humo anakifahamu tangu utotoni.

Omari Shabani aliitwa Profesa, na jina hilo lilimkaa. Chini ya mkono wake muziki wa Wanyika ulikonda kwa maana nzuri: vitu vilipunguzwa, nafasi ikaongezeka, kila chombo kikasikika. Sikiliza Sina Makosa, sikiliza Paulina, sikiliza Kajituliza Kasuku. Hakuna anayemkimbilia mwenzake. Solo la Ngereza linaweza kusema maneno machache sana kwa sababu katikati pana mtu ambaye hajaacha pengo. Katika bendi nyingi za wakati ule, wasiwasi wa kuonekana maskini uliwafanya wajaze wimbo mpaka ukose hewa. Les Wanyika walithubutu kuacha hewa, na huo ndio mchango wao mkubwa zaidi katika muziki wa Kenya, kuliko hata maneno ya nyimbo zao.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Anayesema kwamba Simba Wanyika walikwisha mwaka 1978 hajawasikiliza wa miaka ya 1980. Walijenga upya, saksafoni ikapewa nafasi kubwa, nyimbo zikapata mwendo mpana zaidi, na walifika Ulaya. Albamu yao Pepea ilitolewa huko mwaka 1992. Mwimbaji Issa Juma naye akaingia na Super Wanyika zake na sauti nzito ya kukwaruza, akiuchangamsha mtindo uleule kwa wachezaji walioona wenzake wamepoa mno. Wimbo wake Sigalame bado unawainua watu vitini. Bendi hizo ni za shina moja, na zinatofautiana hasa katika kile kinachotendeka katikati ya wimbo. Hilo likikubaliwa, ubishi wa mashabiki unakuwa na maana zaidi, kwa sababu unaweza kuthibitishwa kwa masikio.

Umaarufu wa bendi hizo ulipungua kwa sababu nyingine. George Kinyonga alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995, Omari Shabani mwaka 1998 na Ngereza mwaka 2000. Katika miaka hiyohiyo redio za FM zilifunguliwa na vijana wakapata muziki wao. Vipindi kama Roga Roga cha Fred Obachi Machoka kwenye Radio Citizen viliwashikia wazee mlango wazi. Lakini bendi ya watu wanane au kumi ni mishahara, nauli na vyombo, na mwenye baa hufanya hesabu. Kitengela leo mara nyingi humkuta mpiga mugithi mmoja na gita lake, mdundo ukitoka kwenye kinanda cha umeme alichokitegesha mapema. Wako wanaoipiga kazi hiyo kwa umahiri mkubwa na hawastahili kubezwa. Ila mashine haimsikilizi mwimbaji. Akichelewa kidogo kwa makusudi ili neno limchome msikilizaji, haimngoji.

Na yule kijana wa meza ya tatu? Hoja yake ni nzito kuliko wazee wanavyomjalia. Sauti Sol walianza mwaka 2005, Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi wakiwa wametoka katika uimbaji wa Shule ya Upili ya Upper Hill, kisha Polycarp Otieno akajiunga na gita lake. Albamu ya Mwanzo, ya 2008, ni sauti zilizopangwa kwa uangalifu na gita kavu lisilo la umeme likizishika zote. Lazizi na Blaqy zina utulivu wa kikundi kilichozoea kusikilizana. Mwaka 2014 zikaja Nishike, ambayo video yake ilizua mabishano, na Sura Yako, na mwaka huohuo wakatwaa tuzo ya MTV Ulaya ya msanii bora wa Afrika. Hapo mashabiki wakagawanyika. Kundi moja likasema wameuza roho kwa soko la Lagos na Johannesburg. Jingine likasema hatimaye Kenya ina bendi inayojaza viwanja. Midnight Train ya 2020 iliyaongezea makundi yote mawili ushahidi.

Wanaolalamika husema sauti zilibadilika. Sauti hazikubadilika sana. Savara na Bien waliimba vizuri zaidi kadiri miaka ilivyokwenda. Kilichobadilika ni nafasi ya gita la Polycarp. Kwenye Mwanzo ndilo lililokuwa likiamua mwendo. Katika nyimbo kadhaa zilizofuata ngoma za kompyuta zilichukua kazi hiyo, na gita likabaki kupita na kuaga. Suzanna, ambayo hata wakosoaji wao huipenda, iko karibu zaidi na mpango wa zamani: gita limerudi katikati, na tazama jinsi wazee wa zilizopendwa walivyoikubali bila kubembelezwa. Mwaka 2023 walitangaza kwamba kila mmoja anashika njia yake kwa muda, wakaaga Nairobi kwa tamasha la Sol Fest mwezi Novemba, na mabishano yao yakaungana na ya Wanyika kwenye meza zilezile.

Wapo vijana Kitengela na Ongata Rongai wanaojifunza gita kwa simu, na wengi huanza na vipande vya solo kwa kuwa ndivyo vinavyoimbika. Mwalimu anayejali angewapa zoezi tofauti: wachukue upande wa pili wa Sina Makosa, waache solo liende, waache besi iende, watafute lile gita lililo katikati na kulifuata kwa mkono wa kulia pekee, kiganja kikiwa kimelala juu ya nyuzi, mpaka wimbo uishe bila wao kuutangulia. Kisha waweke Blaqy wamfuate Polycarp kwa namna ileile. Bendi yoyote itakayoanzishwa kwenye barabara hii itawahitaji wenye zoezi hilo mkononi kabla ya kumtafuta mwimbaji.