Mpatanishi wa Kumbukumbu

Mjini Sumbawanga yuko fundi wa kompyuta ambaye wateja wengi humkimbia kwa sababu moja: hana haraka. Ukimpelekea laptopu iliyogoma kuwaka, hakuambii papo hapo inaumwa nini. Ataigeuza, atafungua mfuniko wa chini, atachomoa vipande vya RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, kimoja kimoja na kuvisogeza kwenye mwanga ili asome lebo zake. Kisha atachukua kifutio, kile kile cha watoto wa shule, na kusugua meno ya dhahabu polepole huku akipuliza vumbi. Kiangazi cha Ufipa kina upepo usio na adabu, na vumbi lake hupenya hata palipofungwa. Mashine kadhaa zilizokwisha kutangazwa marehemu zimefufuliwa mezani pale kwa kifutio tu.

Kifutio kikishindwa, ndipo ufundi wenyewe unapoanza. Laptopu zetu nyingi ni za mitumba, zimekwisha kufanya kazi kwa watu kabla hazijatufikia, na mtu akitaka kuiongezea yake nguvu hutafuta kipande cha RAM popote kilipo. Tuseme amenunua kilichotolewa kwenye HP EliteBook 8440p iliyokufa, akakichomeka kwenye EliteBook 840 G1. Kipande hicho na kile kinachotakiwa humo vyote huitwa DDR3, vyote vina pini 204, nacho kinaingia kwenye sloti bila kulazimishwa. Mashine ikiwashwa, kioo ni cheusi. Kisa ni herufi moja ya kwenye lebo: kipande cha zamani kinataka volti 1.5, na mashine ile mpya kidogo inataka aina yenye herufi L, ya volti 1.35. Muuzaji hakuisoma herufi hiyo. Mnunuzi naye aliuliza bei tu.

Volti ni jambo jepesi. Lililo zito ni mwendo. Vipande viwili vya RAM ndani ya mashine moja ni sawa na wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: mchi huu unapopanda, ule unashuka, na anayekosea zamu humpiga mwenziwe. Kila kipande kina kichipu kidogo kinachotunza maelezo ya mwendo wake, baiti 256 kwa vile vya DDR3, na mazabodi huyasoma kabla hata kioo hakijawaka. Vikitofautiana, mazabodi yenye busara huchagua mwendo ambao aliye mzito ataumudu. Mara nyingi hupatana. Visipopatana, kila kimoja peke yake kinawaka vizuri, lakini vikikaa pamoja mashine inagoma. Au mbaya zaidi, inawaka, inafanya kazi asubuhi nzima, halafu inaganda mwalimu akiwa katikati ya matokeo ya mtihani.

Hapo ndipo utamwona fundi akibadilisha nafasi, cha kwanza kuwa cha pili, kisha akijaribu kila kipande katika kila sloti. Huhesabu hata chipu: kuna mashine za zamani zinazokipokea kipande cha GB 4 chenye chipu 16 na kukikataa chenye chipu 8, ingawa lebo zinatangaza ukubwa ule ule. Na wabishi wa namba anawajua. Atakuja kijana akisema hiki cha mwendo wa 1333 kina namba ya kuchelewa 9, hiki cha 1600 kina namba 11, kwa hiyo cha pili ni kizito. Fundi atapiga hesabu nyuma ya risiti: cha kwanza hujibu baada ya nanosekunde 13.5, cha pili 13.75, karibu sawa. Namba ile huhesabu mapigo, na mapigo ya cha pili ni mafupi zaidi. Katika muda huo mwanga wenyewe husafiri kama mita 4 tu. Katika upenyo huo, yeye anatafuta nani amechelewa.

Lakini linalonivutia kuliko yote ni kwamba kumbukumbu hii ni sahaulifu. Robert Dennard wa IBM, aliyeibuni mwaka 1966, aliihifadhi kila biti kama chaji ndogo ya umeme, na chaji hiyo huvuja. Isipoamshwa upya, hutoweka. Kwa hiyo mashine huirudia kumbukumbu yake yote katika kila milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kwa sekunde, mchana kutwa, bila wewe kujua. Sisi tunaoandika barua na kuhesabu mahindi ya msimu juu ya chombo hiki, tunakaa juu ya kitu kinachosahau na kukumbushwa kila wakati. Ndiyo maana fundi huyu haamini kuwaka. Huacha programu ya kupima, Memtest86+, izunguke usiku mzima, iandike na kusoma kila kona. Mkoa huu wa Rukwa umeishi miaka mingi kwa umeme wa Zambia na wa majenereta. Anajua thamani ya usiku mmoja wa umeme uliotulia.

Uwanda huu wa Ufipa uliwahi kuzoea mafundi wa namna hiyo, wasio na haraka. Malungu, matanuri ya udongo ya kuyeyushia chuma yaliyompita mtu kimo, hayakupulizwa kwa mivukuto. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, chuma kikaiva kwa wakati wake, ndipo kikahamishiwa kwenye tanuri dogo lenye mivukuto na kusafishwa kabla ya mhunzi kufua jembe. Yakaja majembe ya viwanda vya ng'ambo, na malungu yakazimika. Kompyuta nazo zilitujia kwa kusuasua: ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Kizazi kizima kilikosa kuzizoea. Waliokuja baadaye walijifunza kwa kufungua na kufunga.

Sasa hata kufungua kunaondolewa. Tangu MacBook Pro ya kioo cha Retina ya mwaka 2012, viwanda vingi vimezidi kuchomelea RAM moja kwa moja kwenye mazabodi. Chipu moja ikiharibika, mazabodi yote huhesabiwa takataka, na kijana aliye dukani ana neno moja tu: nunua nyingine. Simlaumu sana yeye. Namlaumu aliyemfundisha kwamba kutengeneza ni kubadilisha, na sisi wateja tunaosimama juu ya kichwa cha fundi tukiuliza kama bado.

Basi ukienda kununua RAM, nenda na kipande chako cha zamani mkononi, wewe na muuzaji msome lebo pamoja, herufi kwa herufi. Ukiongeza kipande, dai kile cha zamani kipimwe pamoja na kipya. Na ukimpata fundi anayekuomba umwachie mashine hadi kesho, mwachie, na usiku huo umlipe.