Alama ya Hatari au Kadirio la Vibadala? Uhakiki wa Istilahi za Urithi wa Unene

Katika tafsiri za taarifa za afya zinazopita mezani petu siku hizi limejitokeza fungu la maneno ambalo kila neno lake ni Kiswahili safi, lakini likisomwa kwa jumla halitoi maana iliyokusudiwa. Fungu lenyewe ni "alama ya hatari ya jeni nyingi". Msomaji wa kawaida akutanapo na "alama ya hatari" hufikiri fuvu la kichwa lililochorwa kwenye nguzo ya umeme, au pembetatu nyekundu iliyo kando ya barabara. Mama aliyehudhuria kliniki hufikiri zile dalili zimpasazo kukimbilia hospitali. Mwalimu naye, kwa neno "alama", hufikiri daftari la mitihani, kufaulu na kushindwa. Hakuna hata mmoja kati yao atakayefikiri kile walichokusudia wataalamu, yaani hesabu inayojumlisha tofauti ndogo ndogo nyingi alizorithi mtu, ili kukisia ni kwa kiasi gani aelekea kunenepa kupita kiasi kuliko wenzake.

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi zinazotumika kuieleza elimu hiyo. Jambo lenyewe si la wataalamu peke yao. Mtu aambiwapo kwa lugha yake kwamba "ana jeni ya unene", aghalabu hukata tamaa na kuacha jitihada. Na aambiwapo hana, hujiona yu salama. Kauli zote mbili ni za uongo, na uongo huo haumo katika utafiti. Umezaliwa katika tafsiri.

Tuanze na hiyo "jeni ya unene". Neno jeni limetoholewa kutoka neno lililobuniwa mwaka 1909 na mtaalamu wa Denmark, Wilhelm Johannsen, nalo limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya bayolojia. Wapo wanaopendelea "kinasaba", neno tamu lenye asili ya nasaba, nalo lina faida moja ambayo jeni haina: umoja na wingi wake huonekana, kinasaba na vinasaba. Jeni hukaa katika ngeli ambayo nomino haibadiliki, hata wingi wake ukategemea herufi moja tu ya kiunganishi: jeni ya, jeni za. Mfasiri mwenye haraka huandika "ya", na kwa herufi hiyo moja hugeuza mamia ya visababu kuwa kimoja. Hata hivyo, kwa kuwa nchini Tanzania sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vipimo vya vinasaba vya binadamu imekwisha kulizoesha neno vinasaba kwa ile mada yenyewe ya urithi, yaani DNA, inayopimwa katika maabara, naona ni heri tubaki na jeni kwa kipande kimoja cha mada hiyo chenye kazi yake, ila tuchunge upatanisho wa kisarufi kama tunavyochunga tarakimu.

Historia ya jeni moja maarufu, FTO, yatosha kuonyesha hatari ya umoja huo. Mwaka 1999 watafiti waliokuwa wakichunguza panya wenye vidole vilivyoungana waliipa jeni hiyo jina la mzaha, ambalo kwa Kiswahili cha mitaani lingekuwa "Bonge". Wakati huo hakuna aliyejua kwamba ingekuja kuhusishwa na uzito wa binadamu. Mwaka 2007 uchunguzi wa watu wapatao 38,000 wa asili ya Ulaya uligundua kwamba wale waliorithi herufi A kwa baba na kwa mama, mahali fulani ndani ya jeni hiyo, walikuwa na uzito uliozidi kwa kilo 3 hivi ule wa wenzao waliorithi herufi T pande zote mbili. Watu hao walikuwa asilimia 16 ya watu wazima waliochunguzwa. Magazeti ya ulimwengu yakatangaza kuwa jeni ya unene imepatikana. Lakini mwaka 2014 ikaonekana kwamba mahali hapo, ingawa pamo ndani ya FTO, huendesha pia kazi ya jeni nyingine iliyo mbali kidogo, iitwayo IRX3. Kwa hiyo hata hiyo jeni moja iliyotangazwa, si yakini kwamba ndiyo mtendaji mkuu. Kilichokuwa na yakini ni mahali penye herufi mbili zinazopishana. Tunahitaji basi jina la hicho kinachopishana, mbali na jina la jeni.

Hapo ndipo wafasiri wamegawanyika. Wengine huandika "mabadiliko ya jeni", wengine "kasoro za jeni", na wachache "tofauti za jeni". Neno mabadiliko humfanya msomaji afikiri kwamba jeni za mtu huyo zilikuwa namna moja jana na leo zimegeuka, pengine kwa chakula alichokula; kumbe alizaliwa nazo. Kasoro ni neno baya zaidi, kwa kuwa hutoa hukumu. Herufi A na herufi T za mahali tulipopataja zimo ndani ya mamilioni ya watu wazima wenye afya njema, na hakuna aliye na mamlaka ya kusema moja ni sahihi na nyingine ni mbovu. Ndivyo ilivyo pia kwa "heri" na "kheri" katika lugha yetu: wote wawili ni wenyeji. Wanaisimu walikwisha kukutana na jambo kama hili katika sauti na maumbo, nao hutumia neno "kibadala". Nashauri tuliazime. Litakuwa neno moja kwa dhana moja katika elimu mbili, na mwalimu wa Kiswahili ataweza kumsaidia mwalimu wa sayansi kulieleza. Najua wako watakaosema kwamba kibadala hukumbusha "mbadala", kitu cha kushika nafasi ya kingine. Na iwe hivyo, maana ndivyo herufi hizo zifanyavyo: panapokaa moja, nyingine haipo.

Kasoro nayo isifukuzwe kabisa, maana inayo mahali pake. Mwaka 1994 iligunduliwa jeni inayotengeneza leptini, homoni inayoujulisha ubongo kwamba akiba ya mafuta mwilini inatosha. Mwaka 1997 wakatangazwa watoto wawili wa ukoo mmoja wenye asili ya Pakistani, waliokuwa wakitibiwa Uingereza, ambao jeni hiyo ilikuwa imeharibika kwao na hawakuwa na leptini ya kutosha. Walikuwa na njaa isiyokwisha na wakanenepa mno tangu utotoni. Hiyo ni kasoro, ni jeni moja, na "kusababisha" ni kitenzi chake halali. Jeni nyingine, MC4R, huonyesha pande zote mbili: ziko kasoro adimu ndani yake zinazoweza zenyewe kumnenepesha mtu, na viko vibadala vya kawaida vilivyo jirani nayo, vilivyotangazwa mwaka 2008, ambavyo kila kimoja huongeza uzito kidogo sana. Mfasiri akitumia neno moja kwa vyote viwili, daktari na mgonjwa watakuwa wanazungumza mambo mawili.

Sasa tufikie wingi wenyewe. Mwaka 2010 zilihesabiwa sehemu 32 za mada ya urithi zinazohusiana na uwiano wa uzito na kimo. Mwaka 2015 zikawa 97. Mwaka 2018, kwa kuchunguza watu wapatao 700,000, vikapatikana vibadala 941. Hata vyote hivyo kwa pamoja vilieleza asilimia 6 tu ya tofauti zilizopo baina ya watu. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliacha kuchagua na kujumlisha vibadala zaidi ya milioni 2, kila kimoja na uzani wake. Kati ya sehemu ya kumi ya watu wa makamo waliokuwa na jumla kubwa kabisa na ile iliyokuwa na jumla ndogo kabisa palikuwa na tofauti ya kilo 13 hivi. Watoto walipozaliwa tofauti hiyo ilikuwa haionekani sana. Ilikua pamoja nao. Na miongoni mwa wenye jumla kubwa wako waliokuwa na uzito wa kawaida.

Wahenga wetu walisema haba na haba hujaza kibaba, na sijui lugha nyingine iliyo na methali inayofaa hivi kwa somo hili. Ila mwalimu atakayeitumia darasani aongeze kwamba ziko haba zinazotia na haba zinazotoa, kwa kuwa baadhi ya vibadala hupunguza uzito. Na kwamba kibaba kikijaa, bado haijajulikana kama kutapikwa.

Kwa sababu hiyo kitenzi kifaacho ni "kuchangia". Waandishi wengi huchagua "kuathiri", lakini kitenzi hicho katika masikio ya Waswahili kimekwisha kuegemea upande wa madhara. Kuchangia ni kitenzi tunachokijua katika arusi na misiba: kila mtu hutoa kidogo, na hakuna anayeweza kusema arusi ni yake. Tena kuchangia huacha nafasi kwa wachangiaji wengine. Uchunguzi wa mwaka 2011 uliojumlisha watu wazima zaidi ya 200,000 ulionyesha kwamba mchango wa kibadala cha FTO hupungua kwa zaidi ya robo miongoni mwa watu wanaoishughulisha miili yao. Kadhalika, uchunguzi wa familia za mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha kwamba uhusiano wa kibadala hicho na uzito ulikuwa na nguvu zaidi kwa waliozaliwa baada ya mwaka 1942 kuliko kwa waliozaliwa kabla. Herufi zilikuwa zile zile. Maisha ndiyo yaliyobadilika. "Kusababisha" hakuwezi kulibeba jambo hili.

Kuhusu "hatari", nitasema kwa kirefu kidogo, kwani neno hili limeingia hata katika nyaraka za serikali. Maofisa wamezoea "usimamizi wa vihatarishi", na wafasiri wa afya wamelifuata. Kihatarishi ni kitu, mathalani sigara, au kibadala, au kazi ya kukaa kutwa. Lakini kinachopimwa katika tafiti hizi si kitu bali ni kiasi: kati ya watu mia wa namna hii, ni wangapi watakaofikia unene huo? Kiswahili kina neno lake, nalo ni "uwezekano". Sentensi ya namna ya "hatari ya unene iliongezeka" humfanya msomaji adhani unene umekuwa wa kutisha zaidi, ilhali kilichoongezeka ni idadi ya watu wanaotazamiwa kuupata. Tuseme "uwezekano wa kunenepa kupita kiasi", na kihatarishi tukiachie kazi yake.

Kosa jingine hutokea katika asilimia. Uchunguzi wa pacha na familia umekuwa ukikadiria kwamba urithi hueleza asilimia 40 hadi 70 ya tofauti za uzito baina ya watu wa jamii inayochunguzwa. Katika tafsiri hugeuka kuwa "asilimia 70 ya unene wako hutokana na jeni", kana kwamba mtu wa kilo 100 angeweza kukatwa vipande viwili, kilo 70 za wazazi na kilo 30 za chakula chake. Maneno "tofauti baina ya watu" yasiachwe kamwe, hata kama kichwa cha habari ni kifupi.

Juu ya unene wenyewe nitapita upesi. "Kiribatumbo", neno linalotumika katika maandiko ya afya nchini Tanzania, lina picha nzuri ya kiriba cha maji, lakini hulitaja tumbo, na uwiano wa uzito na kimo haulipimi tumbo: ni kilo zilizogawanywa kwa mraba wa kimo kwa mita. Tena lina dhihaka ndani yake, kama "bonge" na "utipwatipwa". Kwa uwiano wa 25 hadi chini ya 30 "uzito uliozidi" latosha. Kwa 30 na zaidi, "unene wa kupindukia". "Kitambi" kibaki kwa tumbo.

Narudi kwenye ile "alama ya hatari ya jeni nyingi". Wako waliopendekeza "kipimo cha jeni", nami nalikataa pendekezo hilo kwa sababu ambayo inatuhusu sisi Waafrika ya Mashariki moja kwa moja. Kipimo, kama mizani au kipimajoto, hutarajiwa kusema ukweli ule ule Mwanza na London. Mwaka 2025 ilitangazwa hesabu mpya iliyotokana na watu zaidi ya milioni 5, kubwa kuliko zote zilizotangulia. Kwa watu wa asili ya Ulaya waliopimwa Uingereza ilieleza asilimia 17.6 ya tofauti za uwiano wa uzito na kimo. Kwa wakazi wa vijijini Uganda ilieleza asilimia 2.2. Sababu moja ni kwamba wengi wa waliochunguzwa ni wa asili ya Ulaya, na vibadala vinavyoandamana katika damu yao si lazima viandamane katika yetu; nyingine ni kwamba maisha ya shambani hayafanani na yale ya mjini ughaibuni. Mganga wa wilaya atakayeletewa karatasi iliyoandikwa "kipimo" ataiamini kama anavyoamini kipimo cha malaria. Ikiandikwa "kadirio", ataulizia limekadiriwa kwa watu gani.

Napendekeza basi "kadirio la vibadala vya jeni", na kwa ufupi, pale maana ilipokwisha kufafanuliwa, "kadirio la vibadala". Si fungu tamu sana mdomoni, nakiri, na linakosa neno uwezekano ambalo ningependa limo. Lakini likiongezwa huwa sentensi badala ya istilahi. Limebaki jambo moja ambalo sijalipatia neno: uwiano wa waliopatwa kwa wasiopatwa katika kundi moja, ambao watafiti huutumia mahali pa uwezekano, na wafasiri huchanganya viwili hivyo kila siku. Katika uchunguzi wa mwaka 2007, waliorithi herufi A pande zote walikuwa na uwiano huo mara 1.67 ya ule wa wenye T pande zote, na hiyo si sawa na kusema uwezekano wao ulikuwa mara 1.67. Wasomaji, hasa walimu wa hisabati, walio na neno la mahali pao kwa dhana hii waliandikie Baraza.