Mkono wa Fundi Mitambo

Msikilizaji wa podikasti hana ugomvi na mtu. Hapigi simu kulalamika wala hatumi ujumbe. Sauti ikimsumbua anagusa kioo cha simu, anaondoka, na mwenye kipindi huenda asijue kamwe kwamba palikuwa na mtu. Ndiyo maana nataka kuisifu kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayeitaja: kusawazisha sauti. Mzee anayeongea taratibu, kijana anayecheka kwa kishindo, muziki wa kufungulia kipindi na tangazo la duka, vyote vifike sikioni bila kumlazimisha mtu kupandisha na kushusha sauti ya simu kila dakika.

Hapa Tanga hakuna anayesikiliza katika chumba kimya. Podikasti husikilizwa ndani ya daladala ya Sahare, madirisha wazi. Husikilizwa jikoni Ngamiani, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Husikilizwa kwa upande mmoja wa hedifoni kwa sababu ule wa pili ulikufa zamani. Aliyekalia mbuzi anakuna nazi, mikono imejaa machicha, hawezi kuinuka kila mgeni wa kipindi anapomeza maneno. Atavumilia mara ya kwanza, pengine na ya pili. Halafu muziki unaingia ghafla, mtoto aliyelala anashtuka, na kipindi chako kimekwisha hata kama kimebakiza nusu saa.

Redio ina dawa yake. Vituo vya mwambao huu, Mwambao FM na Breeze FM za Tanga mjini au Pangani FM kule kusini, hutangaza moja kwa moja, na kazi ya namna hiyo huwa na mtu aliyekaa na vidole juu ya feda, vile vitelezi vya kupandishia na kushushia sauti, macho kwenye mshale, akipandisha huyu na kushusha yule wakati maneno yanatoka. Kabla sauti haijafika kwenye mnara, hupita pia kwenye kifaa kinachoibana isivuke mpaka. Podikasti haina mnara. Faili likitoka kwenye kompyuta yako limetoka, na litakaa ndani ya simu bega kwa bega na taarifa ya habari kutoka London na singeli kutoka Dar es Salaam. Mwenye simu hatakuonea huruma kwamba wewe ulirekodi chumbani kwa shemeji yako. Atalinganisha.

Sikio lenyewe ni jaji mwenye upendeleo. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell, Marekani, walichora mistari inayoonyesha kwamba sauti nene na sauti nyembamba zenye nguvu ileile hazisikiki sawa, na kwamba sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo hutangulia kupotea. Ilichukua miongo mingi kupata kipimo kinachojaribu kusikia kama mtu. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa kanuni yake mwaka 2006, na watangazaji wa Ulaya wakajiwekea kiwango chao mwaka 2010: hasi 23 kwa kipimo kinachoandikwa LUFS. Podikasti huwekwa juu zaidi, kwa kuwa simu ina spika ndogo na barabara ina kelele. Apple hushauri hasi 16, ikikubali kupungua au kuzidi kwa 1. Spotify hulenga hasi 14. Namba inayokaribia sifuri ndiyo yenye sauti kubwa. Tofauti ya desibeli 10 sikio huihesabu karibu kama mara mbili, kwa hiyo kipindi kilichoachwa kwenye hasi 26 baada ya kingine kilichokaa kwenye hasi 16 huonekana kama kimesemwa kutoka chumba cha pili.

Wengi wanaoanza hutazama kilele peke yake. Kijana akipiga kofi mezani, mstari unagonga dari, taa nyekundu inawaka, nao wanadhani wana sauti ya kutosha. Kumbe kofi ndilo lenye sauti. Mazungumzo yako chini yanaburuza miguu. Kipimo cha LUFS huchukua wastani wa muda na kuruka vipande vya ukimya, na hapo ndipo kinapolisaidia sikio. Kilele nacho kisidharauliwe. Kisivuke desibeli hasi 1, ama sivyo faili likibanwa ili lipungue uzito, maneno yataanza kuchanika.

Hata hivyo kipimo huja mwisho. Kazi huanzia kwenye kiti.

Maiki ya kawaida ya kuzungumzia huipenda shubiri moja kati yake na mdomo. Shubiri ikiwa mbili, sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi, na mwangwi wa chumba hupata nafasi ya kuingia. Sasa mweke mzee wa Pangani mbele ya maiki hiyo umwombe asimulie habari za majahazi. Dakika tano za kwanza amekaa wima kama yuko mbele ya hakimu. Mazungumzo yakinoga, anaegemea nyuma, anapandisha mguu, anageukia dirishani anakomtazama mtu ambaye alikwisha kufa. Sauti inamfuata huko aliko. Hapo ndipo hadithi ilipo tamu, na hapo ndipo maiki inapobaki peke yake mezani.

Kumwambia mzee "shikamoo, sogea hapa" mara tatu katika simulizi moja ni kukosa adabu, na ni kuiua simulizi. Fundi mwenye busara humwacha mzee na kuihamisha maiki. Huiweka kwenye mkono unaozunguka, au hubana maiki ndogo kifuani, penye kanzu. Kanzu mpya inakwaruza. Iliyofuliwa mara nyingi haina tabu. Tena maiki haielekezwi mdomoni moja kwa moja, huwekwa pembeni kidogo. Lugha yetu imejaa herufi ya kupasua midomo: pwani, pepo, papa, Pangani yenyewe. Kila p hutoa pumzi, na pumzi ikiigonga maiki usoni hutoa kishindo ambacho kitakulazimisha kushusha sentensi nzima kwa sababu ya herufi moja.

Ufundi huu wa nafasi ni mkongwe kuliko kompyuta. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hapakuwa na kurekebisha baadaye. Sauti ikishachongwa kwenye nta imechongwa. Mizani ilipangwa kwa miguu: nani asimame mbele, nani arudi nyuma na ala yake. Taarabu ya Tanga ilipokuja kubadilika, vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipoingiza gitaa la umeme na besi mahali pa kundi kubwa la ala, swali lilizidi kuwa gumu, kwa sababu ala yenye umeme haijui kumwachia mwimbaji nafasi isipokuwa mpigaji ameamua. Msikilize mwimbaji Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani, katika rekodi zake za siku hizo. Neno halizami. Mafundi waliokuwa na maiki chache na utepe mmoja waliacha neno juu na mapigo chini yake, na anayesikiliza leo kwa simu ya bei rahisi bado analipata.

Tukirudi kwenye podikasti, baada ya kiti huja chumba. Nyumba nyingi za huku ni mabati juu na saruji chini, na masika yakianza hakuna kurekodi chini ya bati, mvua itakushinda. Feni huzimwa, jasho huvumiliwa. Godoro husimamishwa ukutani, kanga hutandazwa mezani. Kunguru hana dawa. Watu huyaona haya yote kama ushamba, wanasema programu itasafisha. Programu husafisha kiasi, lakini kifaa kinachobana sauti, kile mafundi wanachokiita kompresa, hakichagui: kinapunguza makelele ya mcheshi, kisha ukipandisha jumla ili ufikie kiwango, unapandisha pamoja na feni, kunguru na jenereta la jirani. Ukimya wa mgeni unakuwa na mngurumo. Sauti inavuta pumzi na kuitoa kama mgonjwa.

Kwa hiyo mimi niko upande wa wanaoanza kwa mkono. Unafungua mawimbi ya sauti kwenye skrini, kila mzungumzaji kwenye mstari wake, unapita sentensi moja baada ya nyingine. Kicheko unakishusha. Mwanzo wa jibu, ambapo mgeni huongea kwa nguvu, unauacha. Unachokitafuta hasa ni mwisho wa sentensi, kwa sababu Kiswahili huficha mambo mazito mkiani. Alipiga na alipigwa hutengana kwenye silabi ya mwisho, ile ambayo mkazo umekwisha kuipita na pumzi ya msemaji imekaribia kuisha. Ikizama, aliyeumizwa amegeuka mwenye kosa. Desibeli 3 au 4 zilizoongezwa hapo, kwa nusu sekunde, zina thamani kuliko mapambo yote ya muziki. Kompresa ije baada ya hapo, kwa upole, na kipimo kije mwisho kabisa kuthibitisha.

Na kusawazisha si kupiga pasi. Kuna podikasti zimenyooshwa hadi mnong'ono na kelele vinalingana, na dakika 10 zake zinachosha kuliko hotuba ya mgeni rasmi. Mama anayeshusha sauti ili kusema jambo la aibu ana haki ya kuishusha. Kinachotakiwa ni kwamba maneno yake yasikike huku yakibaki ya chini. Mpaka huo hauna namba. Unapimwa kwa kusikiliza kazi yako kwenye spika ya simu, mono, maji yakichemka karibu.

Matangazo ndiyo yaliyobaki kuwa aibu ya fani hii. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010, ikaanza kutumika Desemba 2012, kuwakataza watangazaji wa televisheni kurusha tangazo kwa sauti iliyozidi kipindi chenyewe. Podikasti haikuwamo. Wafanyabiashara bado wanaleta faili lililojazwa hadi shingoni, na mwenye kipindi analichomeka vilevile kwa kuwa ndiye aliyelipwa. Lishushe. Mlipaji hatajua, na msikilizaji atakuwepo bado kusikia bei.

Jambo moja la redio nalitamani. Mtangazaji akiaga alikuwa akimtaja fundi mitambo wake kwa jina, siku zote, kabla ya kwaheri. Podikasti nyingi huwataja wadhamini, kurasa za mitandao na nembo za fulana, halafu kimya. Arudishwe. Na jina lake lisomwe kwenye hasi 16 kama maneno mengine, si huku muziki wa kufungia unapanda juu yake.