Takwimu Zenye Wenyewe

Wamohawk, jamii ya watu wa asili ya Kahnawake, ng'ambo ya mto mbele ya jiji la Montreal nchini Kanada, wanasifika kwa mafundi wa vyuma waliopanda kujenga maghorofa ya New York. Mimi ninayemhusudu zaidi huko ni fundi asiyeonekana angani: yule aliyejua namna ya kuuliza.

Katika miaka ya 1980 madaktari wa hospitali ya hapo, Ann Macaulay na Louis Montour, walipekua majalada ya wagonjwa. Katika rika la miaka 45 hadi 64, asilimia 12 walikuwa na kisukari aina ya pili, kiwango kilichowapita mbali Wakanada wengine. Utafiti wa namna hii mara nyingi huishia kwenye jarida la wasomi, mgonjwa asijue. Hawa waliwapelekea habari wenye miili yao, na wazee wakadai watoto wakingwe. Mradi wa kinga shuleni ukaanza 1994: masomo ya chakula na mazoezi, vyakula hovyo vikapigwa marufuku.

Ustadi wenyewe niliuona katika kanuni za maadili ambazo wenyeji waliandika pamoja na watafiti wa vyuo vikuu. Jamii inashiriki tangu kuunda swali hadi kusoma majibu, na matokeo husikika nyumbani kabla ya kwenda nje. Kuna kifungu nilichokirudia kukisoma: pande mbili zikitofautiana juu ya maana ya matokeo, jamii inapewa nafasi ya kueleza tafsiri yake ndani ya ripoti. Hakuna anayezibwa mdomo, mtaalamu wala mwenyeji. Aliyeandika hivyo alijua kwamba ugomvi utakuja, akautengea mahali mapema. (Mikataba mingi huandikwa kana kwamba watu hawatagombana kamwe.) Wanaamua kwa maafikiano, yaani vikao virefu, na kila anayependa haraka atachoka.

Kisha kikaja kipimo kigumu kwa mradi wowote. Baada ya miaka minane, mafuta chini ya ngozi ya watoto yalikuwa yameonyesha nafuu kidogo mwanzoni, lakini uwiano wa uzito na urefu haukuonyesha nafuu, na mazoezi hayakuonyesha badiliko la kudumu. Wangeweza kuyapaka rangi matokeo hayo. Yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la Pediatrics, pungufu kama yalivyo, na mradi ukaendelea.