Kuihamisha Mpanda Bila Kuzima Mashine

Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa, na Wilaya ya Kalambo ikamegwa kutoka Sumbawanga Vijijini. Ardhi haikusogea hata hatua moja. Kazi iliwaangukia watunza hifadhidata, kwa kila jedwali lililoandika "Rukwa" mbele ya jina la mkazi wa Mpanda, ambayo sasa ilikuwa Katavi.

Kwenye jedwali la mistari milioni kadhaa, anayejifunza huandika amri moja ya kubadilisha yote. Hapo ndipo mashine huelemewa. Hifadhidata ya PostgreSQL, kwa mfano, haifuti mstari wa zamani papo hapo. Huandika mpya, na ule mfu hubaki ukila nafasi hadi ufagiwe. Faharasa nazo huenda zikahitaji maingizo mapya. Mistari iliyokwisha guswa hubaki imefungwa hadi amri iishe, na karani anayetaka kusahihisha mmojawapo husubiri. Umeme ukikatika karibu na mwisho, yote hurudi mwanzo.

Fundi hasa huanza pembeni. Hupakia orodha ya vijiji vilivyohama kwenye jedwali dogo, kisha huenda kwa ufunguo msingi, mathalani mistari elfu kumi kwa mkupuo, akithibitisha kila mkupuo kabla ya kuanza mwingine. Ndivyo mkulima wa Ufipa anavyofukia nyasi kwenye ntumba, vilima vidogo vya udongo, kimoja baada ya kingine. Ndani ya amri huweka sharti dogo ninalolipenda kuliko yote: ruka mstari ambao tayari uko sahihi. Kazi ikikatika, huiendeleza ilipoishia.

Kama karibu kila mstari unabadilika, huacha kurekebisha. Hujenga jedwali jipya, huweka faharasa mwishoni, kisha hubadilishana majina, jambo la kufumba na kufumbua, ilimradi amenasa pia yaliyoandikwa wakati akijenga.

Ninayemvulia kofia zaidi, hata hivyo, ni yule aliyehifadhi msimbo wa kijiji tu katika rekodi ya mtu, kijiji kikielekeza kwenye wilaya, na wilaya kwenye mkoa. Kwake Mpanda ilihamia Katavi kwa kugusa mistari michache mno. Tena aliipa mistari hiyo tarehe ya kuanza na ya kukoma, kwa sababu aliyezaliwa Mpanda mwaka 1990 alizaliwa Mkoa wa Rukwa, na cheti chake kinapaswa kuendelea kusema hivyo.